Vidole vya Mwalimu Duara

Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona Mwalimu Duara akishika bikari. Alisimama mbele ya ubao, akageuza bega kidogo, akavuta pumzi, na mkono ukazunguka mara moja tu. Chaki iliporudi ilikoanzia, mwanzo na mwisho vilikutana hata usijue mlango ulikuwa wapi. Darasa zima lilibana pumzi mpaka mkono ushuke. Waliosoma kwake zamani, watu wazima sasa wenye vitambi vyao, wakikutana naye barabarani humsalimu kwa kuzungusha kidole hewani. Jina lake la kwenye cheti lilishasahaulika, na mwenyewe hakulidai.

Mwanamke huyu alikuwa na siri. Chuo kimoja cha ualimu cha nchi ya mbali, ambako ndege hufika siku ya pili, kilimtaka akafundishe walimu wa hesabu. Alikuwa ameomba mara tatu. Mara mbili walimshukuru tu, mara ya tatu wakamtumia mkataba. Mwaka ujao umri wake ungevuka kikomo chao, kwa hiyo asipokwenda safari hii asingekwenda tena. Alikuwa amekokotoa ubaoni umbali kati ya miji ya dunia nzima, na hajawahi kuvuka mpaka hata mmoja.

Barua ya kuacha kazi alikwisha kuiandika. Ilikaa kwenye droo ya mumewe, fundi saa, chini ya kasha la mikanda, na haikuwa na tarehe. Fundi alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na siku alipoifungia humo alimwambia mkewe machache tu.

"Mama Mapacha, hii haitoki mpaka viza igongwe kwenye pasipoti. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Methali hiyo ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo walimwona kila asubuhi. Mwalimu wa Jiografia aliacha kazi kwa mbwembwe kabla ya kupata viza. Walimu wenzake walimfanyia sherehe, wakamzawadia sanduku la magurudumu, naye akahutubia nusu saa kuhusu mabara. Viza ikakataliwa, na nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Sasa aliuza madaftari na kalamu nje ya geti la shule ileile, kazipanga juu ya sanduku lilelile la magurudumu. Alisalimia kila mtu kwa uchangamfu mwingi, na hilo ndilo lililowafanya walimu wapite haraka. Mkuu wa shule naye hakuficha msimamo wake. Anayenusa nje, alisema kwenye kikao, atafute na kiti cha kukalia hukohuko nje.

Basi Mwalimu Duara alikwenda kwenye kituo cha viza kimyakimya, siku ambayo hakuwa na vipindi. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Binti wa dirisha la tatu alizigonga moja baada ya nyingine, halafu akamsogezea kimashine chenye kioo.

"Mama, weka vidole vinne vya kulia. Bonyeza."

Akabonyeza. Binti akatazama skrini, akakifuta kioo kwa kitambaa.

"Bonyeza tena. Usiogope, hakiumi."

Alibonyeza mara saba. Binti akageuka kumtazama vizuri, kuanzia blauzi hadi viatu.

"Mama, unafanya kazi ya saruji?"

"Nafundisha hesabu."

"Muda mrefu?"

"Miaka ishirini na sita."

Binti akaweka kidole chake mwenyewe kwenye kioo na kumgeuzia skrini. Mistari ilijaa kote, mizunguko ndani ya mizunguko, kila mmoja ukimfuata mwenzake bila kumgusa. Kisha akampima vidole vyote kumi, akamwonyesha vya kwake. Tisa kati ya kumi vilikuwa vitupu kama ubao uliofutwa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika chaki maisha yake yote, na wa kushoto ulikuwa ukifuta ubao, maana dasta za shule ile zilikuwa na miguu, kila wiki zikipotea. Kidole kidogo cha kushoto, ambacho hakijawahi kufanya kazi ya maana, ndicho pekee kilichobaki na alama zake.

Mtu mwingine angelia palepale. Yeye alishikwa na butwaa. Alivitazama vidole vyake kama vya mtu aliyetambulishwa kwake sasa hivi. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayeimaliza chaki, kumbe chaki nayo ilikuwa ikimmaliza yeye taratibu, kipindi kwa kipindi, na hakuwahi kusikia maumivu.

"Waashi huja hivi," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Wakiacha saruji, ngozi inaota upya. Nakupa wiki mbili, mama. Usiguse chaki, wala sabuni ya unga, na upake mafuta asubuhi na jioni. Miadi ya pili naweza kukupa. Ya tatu mfumo haunipi."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Likizo ilikuwa miezi miwili mbele. Akiomba ruhusa ya wiki mbili, Mkuu atauliza sababu, na akiijua sababu atamtafutia mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Akiendelea kushika chaki, mashine itamkana mara ya pili, na chuo cha ng'ambo kitamchukua mwingine. Alikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa ya ajabu. Afundishe hesabu wiki mbili bila kugusa chaki, na asimwambie mtu.

Nyumbani Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akawasha taa ya meza ya kazi, akabana jichoni ile lenzi anayotumia kuchungulia matumbo ya saa, na kuukamata mkono wa mkewe. Alichungulia kidole kimoja muda mrefu.

"Ipo," alisema. "Imelala, lakini ipo. Hapa pembeni naona mistari mitatu."

Kuanzia jioni ile akawa anaosha vyombo yeye. Sufuria moja ilimchukua dakika ishirini, kwa vile aliishughulikia kama saa ya ukutani ya mteja mkorofi. Kila asubuhi na kila jioni alimpaka mkewe mafuta kidole kwa kidole, kisha akachungulia na kutoa ripoti. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mitatu, na Mwalimu Duara hakukumbuka mwaka mwingine aliotazamwa mikono kiasi kile. Alipenda, na alimwambia hivyo.

Darasani siku ya kwanza aliingia na mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Leo mtaandika ninyi," alisema. "Mimi nitakaa nyuma."

Walidhani ni mtihani wa kushtukiza. Aliyeinuka wa kwanza alichora duara lililofanana na kiazi, na darasa likacheka mpaka kiranja akapiga meza. Mwalimu Duara alihisi kiganja kikimwasha. Kila mstari uliopinda ulimwita akaunyooshe, na aliubana mdomo kwa nguvu. Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Siku ya tatu wanafunzi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe mbele ya ubao, huyu akifuta cha yule, na kengele ilipolia hakuna aliyetoka.

Siku ya sita walifika kwenye pembe inayokaa katika nusu duara. Kwamba pembe hiyo lazima iwe pembe mraba, wote walikuwa wamekariri. Mwalimu Duara aliuliza nani ataonyesha kwa nini. Kiti cha dirishani kikakwaruza sakafu. Aliyesimama alikuwa msichana waliyemwita Kimya, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajajibu swali hata moja kwa sauti.

Kimya alichora nusu duara na pembetatu yake. Mwalimu Duara alijua kitakachofuata, maana njia ya kitabu ilikuwa moja na aliifundisha mwenyewe kila mwaka. Lakini msichana hakufuata njia ya kitabu. Alilikamilisha duara zima. Akaanzia kwenye ile pembe, akavuta mstari ukapita katikati ya duara mpaka upande wa pili, akaunganisha ncha. Likatokea umbo la pande nne ndani ya duara.

"Hii mistari miwili ya ndani ni sawa," alisema kwa sauti ndogo, akiutazama ubao. "Yote ni upana wa duara. Halafu kila mmoja umemkata mwenzake nusu kwa nusu, hapa katikati. Basi hili ni mstatili. Na mstatili pembe zake ni mraba, hauna nyingine."

Alirudisha chaki mezani na kwenda kukaa.

Mwalimu Duara alitafuta kiti. Miaka ishirini na sita alikuwa amechora nusu duara lile, na huo mstatili ulikuwa umo ndani siku zote, ukimngoja, naye hakuuona. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, naye alikuwa ameisema methali hiyo mara elfu kuwatishia watoto wa kelele, bila kufikiri kwamba kweli kuna mshindo. Kisha likamjia jambo la pili, na hilo lilimchoma. Huenda wengine kama huyu walipita mikononi mwake wakaondoka bila kusema, kwa sababu chaki alikuwa ameishika yeye.

Alipoinua macho, Mkuu wa shule alikuwa dirishani, kakunja mikono.

"Mwalimu, leo huchori?"

"Leo wanachora wao, Mkuu."

Mkuu alibaki pale mpaka kengele. Usiku ule Mwalimu Duara hakulala vizuri, akijua amekamatwa. Kesho yake kwenye kikao Mkuu alisimama na kuisifu mbinu mpya ya Mwalimu Duara kwa robo saa nzima, akawaagiza walimu wote waijaribu. Mwalimu wa Kemia aliijaribu siku hiyohiyo, na maabara ikanuka mpaka Ijumaa. Mwenye mbinu aliinamisha kichwa, akificha aibu na kicheko kwa pamoja.

Siku ya kumi na tano Fundi alifunga duka, wakaenda wote wawili. Binti wa dirisha la tatu alimkumbuka mwalimu. Mwalimu Duara aliweka vidole kwenye kioo, na hakuthubutu kutazama skrini.

"Mama, angalia," binti alisema.

Ilikuwapo. Haikuwa mizito kama ya binti, hata hivyo ilikuwa mistari, mizunguko ndani ya mizunguko, na hakuna mkono wa mtu uliowahi kuichora. Mungu alikuwa amemchora mara ya kwanza tumboni mwa mamake, na sasa alikuwa amerudia kazi ileile kwa wiki mbili, bila bikari. Aliyasema hayo kwa sauti. Binti hakucheka. Fundi aliitoa lenzi mfukoni, akaitazama skrini kwa lenzi, jambo lisilo na haja yoyote, akakubali kwa kichwa.

"Ukishuka uwanja wa ndege kule utabonyeza tena," binti akamwonya. "Mpaka siku hiyo chaki bado ni adui."

Viza iligongwa wiki tatu baadaye. Usiku uleule barua ikatoka kwenye droo na kuandikwa tarehe, na asubuhi ikawa juu ya meza ya Mkuu. Mwalimu Duara alimweleza yote, vidole, mafuta, na ile mbinu mpya ilikotoka. Alijiandaa kufokewa. Mkuu aliisoma barua mara mbili.

"Viza imeshagongwa?"

"Imegongwa. Hii hapa."

Aliishika pasipoti, akaufungua ukurasa, akautazama muda. Kisha akatazama nje, kuelekea getini.

"Umefanya vizuri kungoja," alisema taratibu. "Yule pale nilimruhusu aondoke kwa makofi, na sikumuuliza swali hilo. Mpaka leo napita nikiangalia chini."

Kipindi cha mwisho darasa lilikuwa limeshasikia kila kitu, shule haina siri. Waliomba kitu kimoja tu, duara la kuagana. Alitoa mikono mifukoni akawaonyesha, akawaambia kwa nini hawezi. Hakuna aliyenung'unika. Kimya ndiye aliyeinuka bila kuitwa. Alisimama mbele ya ubao, akageuza bega kidogo, akavuta pumzi, na darasa zima likabana pumzi pamoja naye.

Lilikuwa duara zuri, ila mwanzo na mwisho havikukutana. Palibaki upenyo wa punje ya mchele. Kimya aliinamisha uso.

Mwalimu Duara alisogea. Alikitazama kidole gumba chake, akautazama ule upenyo, akakibandika hapo kwa upole na kusogeza vumbi la chaki mpaka pande mbili zikashikana. Alipokiondoa, duara lilikuwa limefungwa, na pale lilipofungwa alama ya kidole ilibaki kwenye vumbi jeupe, mistari yote ikionekana.

Kimya aliinama karibu mpaka pua ikakaribia ubao. Aliihesabu kwa midomo, akashindwa, akaanza upya.

"Mwalimu," aliuliza, "na haya maduara madogo yamechorwa lini?"

"Siku zile mlizoshika chaki ninyi," alisema Mwalimu Duara.