Haipotei na Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyolitamka, lilikuwa Haipotei wa Mshika Funguo wa Mpima Kamba, na kila kipande cha jina hilo kilitolewa jasho. Babu yake alipima viwanja kwa kamba ya katani yenye mafundo, na miaka arobaini baada ya kuzikwa kwake majirani waliogombea mpaka bado walisema, "Hapa Mpima Kamba alisimama," na ugomvi ukaisha. Baba yake alishika funguo za ghala la nafaka, sitini na mbili kwenye pete moja, na siku ya kustaafu alizirudisha sitini na mbili. Upande wa mama, maana mtu hazaliwi na funguo peke yake, alitoka kwa mkunga aliyekumbuka uzito wa kila mtoto aliyempokea, na hakuandika popote. Yeye mwenyewe alipiga video harusi mia mbili na kumi na nne. Kila alipokunja miguu ya kamera mwisho wa sherehe, aliwaambia wenye shughuli neno lile lile: "Haipotei. Ikishaingia kwangu, haipotei."

Watu walimwamini kwa sababu vya kwao vilipotea. Simu zilitumbukia kwenye ndoo, sidii zilikwaruzwa na watoto, flashi zilifuliwa ndani ya mifuko ya suruali. Ndipo walipokuja mlangoni kwake na nyuso za aibu, naye akawaacha wasimame kidogo, kisha akawatolea nakala nyingine. Alipenda sana ile kuwaacha wasimame kidogo. Tusimfiche: alikuwa mtu wa majivuno.

Ghala lake lilikuwa chumba cha nyuma ya jiko, hatua nne kwa tatu. Palikuwa na meza, feni, betri ya akiba ya kuzuia umeme usikatike ghafla, na kompyuta moja nyeusi juu ya matofali mawili ili maji ya kudekia yasiifikie. Moja tu. Kwa hiyo hiyo alikata na kuunga video, na humo humo alitaka kuhifadhi. Mwingine angenunua ya pili. Yeye aliijenga ya pili ndani ya ya kwanza. Ni jambo linalowezekana, usicheke. Programu inatenga sehemu ya nguvu za mashine, na sehemu ile inajidhani ni kompyuta kamili, ina jina lake, inawaka na kuzimika kivyake. Wenye elimu huiita mashine pepe. Yeye aliiita Mpangaji, na ile ya chuma akaiita Mwenye Nyumba.

"Mpangaji gani huyu," mkewe alisema, "sijawahi kukuta hata ndoo yake bafuni."

"Ndiyo wapangaji wazuri hao."

"Basi mwambie azoe takataka, leo zamu yake."

Mpangaji alikabidhiwa diski mbili kubwa, kila kitu kikiandikwa kotekote, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwenye Nyumba hakuruhusiwa kuzigusa. Tena zilifungwa kwa ufunguo wa herufi themanini uliotungwa na mashine yenyewe, ili mwizi akizibeba asikute ndani ila vurugu tupu. Ufunguo huo alikaa nao Mpangaji chumbani kwake, yaani kwenye diski ndogo, ile alimolala na Mwenye Nyumba. Akiamka asubuhi anafungua mwenyewe, hasumbui mtu.

"Uandike kwenye daftari," mkewe alimwambia.

"Karatasi huliwa na panya."

"Herufi themanini? Panya atavimbiwa."

Alicheka, hakuandika. Badala yake, kila Jumapili alitoa nakala ya Mpangaji mzima-mzima pamoja na ufunguo wake, ili diski ndogo ikiharibika amfufue. Nakala hiyo aiweke wapi? Alifikiri kama baba yake angefikiri: kitu cha thamani kiwekwe mahali penye ulinzi kupita pote. Na mahali hapo ni wapi, kama si kwenye zile diski mbili? Akaiweka humo. Jumapili baada ya Jumapili, miaka saba. Mtu mzembe angeitupa kwenye flashi yoyote ndani ya droo ya vijiko, na leo angekuwa anapuliza chai yake. Kosa lile lilimngoja mtu mwangalifu.

Diski ndogo ilikufa asubuhi ya Jumanne. Ilitoa mlio kama wa mende anayekanyagwa, kioo kikawa cheusi. Haipotei hakushtuka. Alimwendea Fundi Miwani, mtengeneza kompyuta wa pale kona, akachukua diski ndogo mpya, akaanza kumjengea Mwenye Nyumba upya huku akipiga mluzi.

Mluzi bado uko mdomoni, muuza vitambaa akabisha hodi. Mwanamke huyu aliuza majora ya nguo karibu na stendi, na miaka sita nyuma Haipotei alikuwa amepiga video harusi ya bintiye wa pekee. Binti alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita.

"Sitaki kukaa," alisema. "Simu yake imezimika na hatujui namba za kuifungulia. Picha ninazo mbili, zote amefunga mdomo. Nataka nimsikie akiongea. Siku ile alisimama akashukuru watu, unakumbuka?"

"Ipo, mama."

"Una hakika?"

"Kwangu haipotei. Njoo Alhamisi saa nne, utakuta tayari."

Mwanamke alimshika mikono yote miwili, akaenda zake. Haipotei akarudi chumbani, akajenga Mpangaji mpya, akamkabidhi diski mbili kubwa. Zikazunguka vizuri, hazina hata doa. Mpangaji mpya akauliza: ufunguo?

Aliinuka kwenda kuchukua nakala ya Jumapili. Alifika hatua mbili, akakumbuka ilipo.

Mkewe alimkuta amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umenyooka kama anayetaka kumpa mtu kitu. Akatuma watu kwa Fundi Miwani.

Fundi Miwani alikaa mbele ya mashine ile siku nzima ya Jumatano. Alijaribu kuifufua diski ndogo iliyokufa. Akaifungua, akaitazama, akaifunga. Alikuwa mtu wa utani, lakini kadiri jua lilivyopanda utani wake ulipungua.

"Mzee, na nakala?"

"Imo humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye diski kubwa."

"Zilizofungwa."

"Zilizofungwa."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa na vumbi. "Yaani umefunga sanduku, ufunguo umo ndani, na ufunguo wa akiba nao umo ndani."

"Huwezi kulivunja?"

"Hili halivunjiki, Mzee. Ulilifunga lisivunjike. Nikijaribu herufi moja moja, mimi nitakufa, wajukuu zangu watakufa, na jua nalo litachoka."

"Lakini video hazijapotea," Haipotei alisema. "Zimo. Sikia, diski zinazunguka."

"Zimo," Fundi alikubali, na huruma iliyokuwa kwenye sauti yake ilimuumiza mzee kuliko tusi.

Alhamisi saa nne kasoro muuza vitambaa alifika. Alikuwa amevaa nguo yake ya heshima na amekuja na mto wa kukalia, maana alijua atakaa. Haipotei hakumwacha asimame. Alimwambia kabla mto haujagusa kiti.

Alimweleza yote, Mpangaji, ufunguo, nakala, hakuficha. Mwanamke alisikiliza akitazama zile diski mbili na vijitaa vyao vya kijani.

"Kwa hiyo mwanangu yumo humo."

"Yumo."

"Haijapotea."

"Haijapotea, mama."

"Basi nioneshe."

Feni ilizunguka. Jikoni mkewe aliacha kuosha vyombo.

"Hujui kunionesha," mwanamke alisema. "Sawa. Nieleze basi. Ulikuwa unamtazama siku nzima, hakuna aliyemtazama kama wewe. Aliposhukuru watu alisema nini?"

Haipotei alifumba macho. Mjukuu wa mkunga aliyekumbuka uzito wa kila mtoto alitafuta kichwani mwake, akapita harusi moja baada ya nyingine, akakuta mapazia, maua ya plastiki, taa, maharusi wengi wasio na sura. Hapo alipaswa kukumbuka, palikuwa na kazi tu: mwanga umepungua, sogea kushoto, betri imebaki nusu. Kamera ilikumbuka kwa niaba yake miaka ishirini, naye akailipa kwa kusahau.

"Sikumbuki," alisema.

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Mwanamke aliokota mto wake. Alikuwa ameshafika mlangoni Haipotei alipopaza sauti ghafla.

"Sahani!"

"Sahani gani?"

"Nyuma ya ukumbi, penye bomba, wale wanawake wakiosha vyombo. Bibi harusi alikuja, amevua viatu, anaosha vumbi miguuni. Akaniuliza, 'Mama ameshakula?' Nikamwambia sijui, mimi napiga picha. Akasema, 'Hajala. Namjua, atahudumia watu mpaka aanguke.' Akapakua sahani yeye mwenyewe, akaniambia nikupelekee. Nikaweka kamera chini. Akasema, 'Usimwambie ni mimi, atasema sijatulia na leo ni siku yangu.'"

Mwanamke alisimama na mto kifuani.

"Wewe ndiye uliyeileta ile sahani?"

"Ni mimi."

"Nilidhani ni wifi. Nilimshukuru wifi. Miaka sita ninamshukuru wifi kwa ile sahani." Akazitazama tena zile diski. "Na hilo lingekuwemo kwenye video?"

"Lisingekuwemo. Kamera ilikuwa chini. Mikono yangu ilikuwa na sahani."

"Sema tena. Alivyosema kuhusu kuanguka."

Akasema tena. Mwanamke akaomba mara ya tatu, naye akasema. Kisha mwanamke aliondoka bila kuaga, na mto wake akausahau pale mlangoni, na hakurudi kuuchukua, si wiki ile wala mwaka ule.

Mtaa ulipata habari, na mtaa hauna haya. Jina lilelile walilompa kwa heshima sasa walilirusha kama ganda la muwa. "Haipotei, umemwona punda wangu?" Wenye harusi zao walikuja, wengine wakilia, wengine na maneno ambayo hayaandikiki. Alisimama mlangoni akayapokea yote. Kisha siku moja akavaa viatu akasema si haki watu waje wenyewe kusikia msiba; msiba hupelekwa. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Alibisha, akasema alichofanya, akauliza kama kuna mgeni aliyepiga kipande kwa simu yake siku ile, hata cha dakika moja, akiombe. Alifika nyumba thelathini na moja. Kwenye ya thelathini na mbili mguu wa kulia ulikufa ganzi ngazini, na mdomo ukaenda upande. Walimrudisha kwa toroli la mbao la mbeba mizigo.

Hakutoka tena. Alilala chumba kile cha nyuma, maana alikataa kingine, na mkewe alimgeuza asubuhi na jioni. Alikuwa hataniwi tena, na kimya cha mkewe kilimwonesha jinsi alivyo mgonjwa.

Kitindamimba wake alikuja kila alipotoka kazini. Alikuwa karani wa masjala ya zahanati, mwanamke mwenye watoto wake na mwandiko ulionyooka. Baba alimtajia harusi zote, moja moja, kwa ulimi mzito, naye akaziandika kwenye daftari gumu: nyumba ipi, karibu na nini, nani alioa. Nyuso hakuwa nazo, lakini milango aliikumbuka yote. Kazi hiyo iliwachukua majuma matano. Kwenye ukurasa wa mwisho alimwamuru aandike herufi themanini za ufunguo mpya, wa vile vipande vichache vilivyokwisha kukusanywa kutoka simu za wageni. Ziandikwe kwa wino, katika madaftari mawili, na la pili likae kwa Fundi Miwani.

"Na zile diski mbili?" binti aliuliza.

"Mama yako azifunge kitambaa. Mtu yeyote asizifute. Hujui watu watajua nini baada yetu."

"Baba, nyumba zimebaki mia moja themanini na tatu. Nina kazi, nina watoto."

"Najua."

"Nikifika nianze na nini? Niwape pole?"

Haipotei alikusanya mate, akasema polepole ili kila neno lifike. "Usianze na pole. Pole waache watoe wao, kama wanayo. Sema: zimefungwa, na aliyefunga ni baba yangu. Halafu uliza wanachokumbuka, ukiandike. Anza na ile ya ngazi, waliniona naanguka na hawajui nilikuja kusema nini."

Binti alifunga daftari. Aliliweka ndani ya mkoba juu ya nguo ya kazi, akainama kutafuta viatu vyake.