Wanyama Waokota Taka

Jumamosi, katika saluni moja ya mtaa wetu wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, televisheni ilionyesha kipindi cha zamani cha watoto: wanyama wenye manyoya wanaookota taka bustanini. Mkongo mmoja aliingia kumchukua bintiye wa miaka saba. Mtoto ameambiwa baba ni mlinzi. Sisi majirani twajua anakokota mkokoteni wa chupa tupu anazookota.

“Papa, angalia! Banyama beko kama weye.”

Baba akashusha kofia. “Nani alikuambia?”

“Nilikuonaka ku robot, ku taa nyekundu, magari ikisimama. Ulificha uso, nikanyamaza.”

Msusi alizima mashine ya kukausha nywele. Baba akaketi kando ya mtoto.

“Siku ingine uniite, mama. Uite na nguvu.”

Sisi wazazi hudhani tunawaficha watoto mambo. Kumbe wao ndio wanaotustahi.