Onja Kwanza, Ndipo Nami Ninywe

Nyumbani kwetu Michenga hakuna mtu aliyepokea kinywaji kabla mwenyeji hajakionja. Bibi yetu, mama yake mama, enzi zile akipika pombe, alichota kwa kata, akanywa funda moja mbele ya mgeni, ndipo akampa. Watu waliliita jambo hilo kutoa uchawi, na hakuna aliyeudhika. Mgeni ambaye hakuonjewa alikaa na kata mkononi akizungumza habari za mvua mpaka mwenyeji akumbuke. Sisi watoto tulionjeana hata uji. Nilikua na jambo hilo bila kulifikiria, mpaka mwaka ule ugonjwa uliporudi ukiwa umebadilika.

Mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa darasa la sita, na sikurudi shule tena, kwa sababu kitinda mimba wetu alikuwa bado anabebwa mgongoni na mgongo uliobaki ulikuwa wangu. Bibi akahamia kwetu. Ndugu walipokuja na maneno ya kutugawana, mmoja Sanje, mwingine Kiberege, Bibi aliwaambia wanywe chai waondoke. Maneno yale hayakuisha, yalimsubiri yeye tu. Nilijua kwamba siku Bibi akiondoka, wadogo zangu wangegawanywa kama vyombo vya msiba.

Ugonjwa ulipokuja mara ya kwanza uliingia kwetu, ukatoka. Tuliugua mimi na mdogo wangu anayenifuata. Tulipata homa, viungo vikauma, pua ikafa kabisa hata nikawa naunguza wali bila kusikia harufu. Tulijifukiza kwa mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi, tukapona. Bibi hakuguswa. Akahitimisha kama wengi walivyohitimisha hapa bondeni, kwamba ni kama surua, ukiugua umemaliza, na nyumba yetu imemaliza.

Wakati wa mavuno jirani yetu mmoja akaugua. Mama huyu alikuwa ameugua pamoja nasi mara ya kwanza na kupona pamoja nasi, tukachekana juu ya pua zetu. Sasa alipakiwa kwenye pikipiki kupelekwa Ifakara, amekaa katikati, mwanawe nyuma yake amemfunga kwa kanga asianguke. Alikuwa akivuta hewa kwa mdomo na mabega. Nilimshika mkono, ukawa wa baridi huku paji la uso likiwaka. Hakurudi.

Redio ilisema kirusi kimejigeuza. Nilikuwa nimezoea kuogopa kitu ninachokijua. Sasa niliamka alfajiri nikisikiliza kifua cha Bibi kupitia ukuta, na akikohoa kwa moshi tu wa jikoni, mikono yangu iliacha kazi.

Mwisho wa mwaka, mvua za kwanza zikinukia, wahudumu wa afya walikuja na chanjo, wakakaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Nesi mmoja, msichana asiyenizidi umri, alieleza kwamba kirusi kikiingia mwilini hujizalisha, na katika kujizalisha hukosea. Makosa mengi hayafai kitu, lakini mara moja moja kosa hutoa kirusi chenye mbio zaidi, au kinachompata hata aliyekwisha kuugua. Kadiri kinavyopita katika miili mingi ndivyo kinavyopata nafasi ya kukosea. Chanjo haimfungii mtu mlango kabisa, alisema, lakini aliyechanjwa akiugua mara nyingi hafiki pale alipofika jirani yenu.

Nilielewa kwa sababu ya mpunga pori. Huota katikati ya mpunga wako, umefanana nao majani na shina, huutambui mpaka utoe suke. Punje zake hupukutika kabla hujavuna, na mwaka unaofuata unajikuta unalima shamba lake. Nikaona miili yetu kama majaruba ya mpunga. Hofu yangu haikupungua kwa kuelewa, iliongezeka, ila sasa ilikuwa na cha kufanya.

Na muda ulikuwa mfupi. Msimu wa kilimo sisi huhamia shambani, ng'ambo ya mto, tukalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, hadi mpunga uvunwe. Mto ukijaa hakuna pikipiki itakayokufikia, na mtumbwi ni wa kuomba kwa watu. Bibi hajawahi kubaki kijijini msimu wowote. Akiugua kule, ataugua mbele ya macho yangu tu.

Mtaani walisema chanjo inaua taratibu, wengine kwamba msichana akichanjwa hazai. Sikuyaamini, lakini sikuweza kuyafukuza. Hesabu yangu ilikuwa kwamba Bibi achanjwe kwanza, mimi nisubiri mpaka tuvune, ili mmoja wetu awe mzima kwa ajili ya wadogo. Nilimbembeleza siku kadhaa. Hatimaye akavaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda.

Mbele yetu kwenye benchi alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe upande wa chini wa kijiji. Bibi alimuuliza kama haogopi kukosa watoto. Mzee akasema ng'ombe wake wote wamechanjwa na wanazaa kila mwaka.

"Basi na sisi tusubiri kuota pembe," Bibi akasema, na baraza lote likacheka.

Zamu yake ilipofika hakucheka. Nesi alimpa shikamoo, akamwomba afunue bega. Bibi akaitikia marahaba, akakaa vilevile.

"Onja kwanza, mjukuu wangu."

Nesi alisema yeye amekwisha kuchanjwa, tena kazini kwake, mbele ya watu.

"Sikukuona," Bibi akajibu kwa upole.

Nesi alieleza kwamba hawezi kujichoma tena ovyo. Bibi akakubali kwamba hilo ni kweli. Kisha akanigeukia mimi. "Aliyenialika ni wewe. Chungu ni chako."

Hakuna mtu aliyenisukuma. Akilini nilimwona kitinda mimba wetu akiwa na daftari langu la zamani, na nyumba nyingine Sanje ambako angekuwa mtoto wa kutumwa. Nikakaa kwenye kiti, nikafunua bega. Sindano yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mwiba wa shambani.

Bibi akainuka, akasema twende nyumbani. Mgeni, akikuona umeonja, hungoja kidogo.

Jioni homa ikanipanda na mkono ukawa mzito. Nesi alikuwa amenitahadharisha, lakini mwili una masikio yake. Nilitetemeka nikifikiri, ndiyo hii. Nilimwambia Bibi ukweli kwamba nina homa. Akaleta kigoda, akakaa karibu na kitanda changu akinitazama usoni kama mtu anayengoja chungu kichemke. Sijui ni nani kati yetu aliyeogopa zaidi. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Nilisimama, nikawasha moto, nikapika uji. Bibi alinitazama nikikoroga mpaka uji ukaiva, kisha akafunga kitenge na kutoka peke yake. Aliporudi alikuwa ameshika bega.

Tulihamia ng'ambo. Mvua ikaja kwa nguvu, mto ukapanda, njia ikapotea. Tulikuwa katikati ya kupanda, kijiji kizima kimeanza kukohoa hadi kwenye madungu ya jirani, redio ikitaja kirusi kingine tena, Bibi alipoamka na homa.

Nilimtenga upande wa dungu wenye upepo, nikawazuia wadogo wasimkaribie. Maji yalikuwa kila upande. Kila nilipopanda ngazi nilitazama kwanza mabega yake, kama yanavuta hewa. Alikohoa, akakataa chakula, akalala mchana, jambo asilolifanya kamwe. Mdogo wangu anayenifuata alisimama chini kwenye matope, akaniuliza, "Dada, ni kama yule jirani?"

Nikamwambia aendelee kupanda.

Mabega hayakuanza kuvuta. Nilingoja yaanze, siku hiyo na zilizofuata, na hayakuanza. Asubuhi moja nilimpandishia uji, amekaa, amejifunika, macho yameingia ndani lakini yananiona. Nikamnyoshea kikombe. Hakukipokea.

"Onja kwanza," alisema, sauti imekwaruza.

Nilikaribia kukitia mdomoni kwa mazoea. Nikakumbuka tulivyokatazwa kutumia chombo kimoja na mgonjwa. Nikashuka, nikachukua kikombe changu, nikamimina kidogo kutoka chake, nikasimama kwenye ngazi mbali naye, nikanywa.

Bibi aliangalia mpaka nimemeza. Akangoja kidogo, kama ilivyo desturi, mvua ikinyesha juu ya majaruba yaliyokuwa bado hayajapandwa. Kisha akanyosha mkono.