Ukuta wa Milimita Kumi na Tisa

Mdogo wangu aliangukia ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, hapa kwetu Kirushya, mchana, nyasi na maji ya ndizi vikiwa vimemganda miguuni. Tulikuwa tunaandaa pombe ya posa ya binti yake. Watu walicheka kwanza, wakadhani ameteleza. Mmoja akamwambia, "Amka bwana, pombe yenyewe haijaiva umeshalewa." Tulipomgeuza alikuwa ameshakufa.

Aliyepaswa kukanyaga zile ndizi ni mimi. Aliingia yeye kwa sababu mimi nilikatazwa kazi nzito.

Nilikatazwa mwaka mmoja kabla, baada ya kuzimia shambani. Baba mkubwa alinipeleka hospitali ya mbali, tukabadilisha basi Nyakanazi. Daktari wa kipimo akanilaza ubavu, akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akawa anasogeza chombo chake huku macho yakiwa kwenye kioo. Akauliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla. Hakuniuliza mimi mgonjwa. Alimuuliza baba mkubwa, mwenye mvi. Baba mkubwa akasema, "Hakuna."

Baba yangu mzazi alianguka akichimba kisima, na aliyemfumba macho ni huyo huyo kaka yake. Lakini kwetu mkubwa akishajibu, na wewe umejibu. Tulipotoka nje akaniambia mabinti wa ukoo wanatafutiwa waume, nani ataoa kwenye nyumba ya watu wa kuanguka.

Daktari alisema ukuta wa moyo wangu ni kumi na tisa. Mimi niliishia darasa la nne, ninachojua ni kwamba namba kubwa ndiyo kufaulu. Na nyumba ya ukuta mnene ndiyo inayohimili mvua. Nikarudi nyumbani najisifu, kazi nzito nikidhani nimekatazwa kwa ajili ya kule kuzimia tu. Mdogo wangu akanitania kwamba yeye akipimwa atapata thelathini.

Baada ya mazishi nilimpelekea nesi wa zahanati ile karatasi ya majibu niliyopewa hospitali. Aliisoma mara mbili. Akanieleza kwamba ukuta wa mtu mzima hauzidi milimita kumi na moja hivi. Ukinenepa kama wangu, damu inaweza kubanwa njia ya kutokea, na mapigo yanaweza kuvurugika mtu akijitutumua. Ugonjwa wenyewe unarithiwa. Chini kabisa, kwa Kiingereza, palikuwa pameandikwa ndugu wa damu wapimwe.

"Baba, hukuambiwa?" akaniuliza.

Marehemu ameacha watoto watatu. Baba mkubwa anakataza wasipimwe mpaka harusi ya yule binti ipite. Simsubiri, Jumatatu nawapandisha basi. Lakini kabla hatujaondoka, akae mbele ya ukoo awaambie watoto hawa babu yao alikufaje, na yeye alijibu nini hospitali. Na wewe daktari, mdomo ulikuwa nao, na mimi nilikuwa mbele yako. Yale maneno ya Kiingereza ulimwandikia nani? Nijibu.