Vipele vya Binti Yangu

Mama mkwe alifika kwetu Obunga Jumatatu asubuhi kutoka Asembo Bay. Kabla hajakaa alimvua binti yangu nguo, akamgeuzageuza kama mtu anayechagua samaki. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti alijaa vipele, na mahali pengine ngozi ilikuwa inabambuka.

Hakunisalimia. Alimwambia mume wangu kwa Kijaluo kwamba haya ndiyo matokeo ya kuoa mtu wa Nyeri. Alidhani sielewi, na mimi nimekaa na watu wake miaka mitano. Akataja chira, laana inayompata mtoto wazazi wakivunja mwiko. Aliyevunja ni mimi, kwa sababu nilienda kujifungulia kwa mama yangu. Mume wangu alikuwa anaangalia simu. Sijui nilimchukia nani zaidi.

Alikaa hadi Ijumaa. Nikienda Kondele kuuza nguo za mitumba, yeye ndiye aliyebaki na mtoto. Jioni nilimkuta binti yangu ananuka majani machungu na sabuni ya kufulia, ngozi imesuguliwa hadi inang'aa. Nilimwambia aache. Alinijibu kwamba amelea watoto saba, na mimi huyu mmoja ananiharibikia mikononi.

Sikumwambia kwamba nina dawa yangu. Ilikuwa krimu niliyouziwa kwenye duka la dawa bila kuandikiwa na daktari. Muuzaji alisema inamaliza vipele kwa siku mbili, na kweli vilikwisha, kisha vikarudi vingi zaidi. Alipokuja mama mkwe nikaanza kumpaka mtoto mara nne kwa siku, kwa siri, mlango nimefunga. Nilitaka ngozi ipone kwa dawa yangu kabla majani yake hayajapata sifa. Mtoto mwenyewe, nakiri, sikumfikiria sana.

Alhamisi nguo iliganda kwenye kiwiko chake. Nilipoivuta ilitoka na ngozi. Alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Tulienda kliniki sote wawili, kwa sababu mama mkwe alikataa kubaki. Muuguzi aliuliza anaogeshwa na nini, mama mkwe akaeleza bila aibu. Akauliza anapakwa nini. Nilisema mafuta ya kawaida.

Mama mkwe aliingiza mkono kifuani, akatoa krimu yangu, akaiweka mezani.

"Ilikuwa chini ya godoro," alisema. "Uliza yeye."

Muuguzi aliisoma, akatutazama kwa zamu. Alisema mtoto ana pumu ya ngozi, ugonjwa wa kawaida kwa watoto, si laana. Krimu ile ni kali, si ya kupakwa mtoto hivyo, na sabuni ya kufulia inamchubua.

"Mnapigana, na uwanja ni ngozi ya mtoto," alisema.

Akatupatia dawa ya vidonda. Akatuambia tumwogeshe kwa maji ya vuguvugu, tumpake mafuta ya mgando mara nyingi, na tumrudishe baada ya wiki.

Nje ya geti nilimuuliza mama mkwe alijua kuhusu krimu tangu lini.

"Jumanne."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema mimi, ungesikia?"

Nisingesikia. Lakini kwa siku tatu alimtazama mjukuu wake akibambuka, akingoja siku ya kunishika mbele ya watu. Hilo sijamsamehe.

Kesho yake alirudi Asembo. Vidonda vilifunga ndani ya wiki mbili. Mume wangu alinilazimisha nimpigie mama yake simu. Nilisema mtoto amepona. Akasema sawa, akakata.

Binti yangu ana miaka mitatu sasa. Vipele humrudia mara kwa mara. Nampaka mafuta, nikiona vipele vinatoa maji nampeleka kliniki. Bibi yake akija, mimi ndiye ninayemwogesha, na mlango naufunga.