Kwa Nini Wadakaji Hurudi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, Kocha Mkuu alinipa kiti cha kukunja, penseli na onyo: nisiandike ninachofikiri, niandike kilichotokea. Nikamuuliza, tofauti yake ni nini? Ndege ilikuwa inashuka kuelekea Heathrow, chini kiasi cha kuonyesha matairi, na pale Hayes, pembeni mwa London, hakuna anayeshindana na ndege. Ilipopita, alikuwa ameshasahau swali langu, au alijifanya.

Wadogo zangu hucheka nikisema nimestaafu, maana sijafika thelathini. Lakini kazi ile nimeiacha, na siku hizi kamera zinaifanya, kwa hiyo acheni niieleze.

Klabu yetu ilikuwa ya besiboli. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbilia kituo cha kwanza kabla mpira haujafika. Wadakaji wa nyuma husimama mbali uwanjani wakisubiri mipira mirefu; wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa. Mpira ukivuka uzio, mpigaji huzunguka vituo vyote kwa raha zake. Anayeweza hivyo huitwa mpigaji mzito, na ndiye anayelipwa, kama kuna wa kulipwa.

Nilianza kama karani wa mchezo. Baadaye nikapewa kazi ya kuwarushia wapigaji mipira ya mazoezi, bega likaniuma mwaka mzima. Mwisho nikawa mchambuzi, kwa kuwa nilisoma takwimu chuo kikuu na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Bosi wa mabosi alikuwa Mwenyekiti, Mzee Pravin, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la misumari na rangi. Duka lake ndilo lililolipia mkataba mmoja tu wa mchezaji, na mchezaji huyo alikuwa Mutuma.

Mutuma alitoka Meru, alikuwa anakaribia arobaini. Kwa sababu ya mkataba ule alifanya kazi nusu wiki tu katika ghala la mizigo. Bila mkataba angerudi kubeba maboksi wiki nzima, na goti lake lisingebaki na nguvu ya kukimbia popote.

"Sikia, binti," Mzee Pravin aliniambia msimu ulipokuwa unaisha. "Kontrakti yake inakwisha. Nimwongeze, ama nitafute kijana? Nipe ndiyo ama hapana."

"Naweza kusema inategemea, Mwenyekiti?"

"Inategemea haiwezi kukimbia. Nataka mchezaji."

Nilikuwa na shaka zangu. Msimu ule Mutuma hakuvusha uzio hata mara moja. Mimi niliyemrushia mazoezini niliona mipira ambayo zamani aliipoteza barabarani, nje ya uzio, sasa ikianguka ndani. Mbona basi kila mechi alifika kituo cha kwanza? Nikaacha kumtazama yeye, nikawatazama wengine. Kila alipoinua gongo, wadakaji wa nyuma wa timu pinzani walirudi nyuma mpaka karibu na uzio, na mpira wake ukaangukia nyasi tupu mbele yao.

Waliogopa nini? Nani kati yao aliwahi kumwona akivusha? Wakati wa chai niliinuka kwenda kumuuliza mmoja. Kocha Mkuu, Mwingereza wa maneno machache, akanishika mkono wa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kumuuliza yule kwa nini anarudi nyuma."

"Ukimuuliza utakuwa umemfundisha. Kaa."

Nikakaa. Kuwa na swali zuri na kukatazwa kuliuliza ni adhabu ambayo simwombei adui yangu. Mechi ilipoisha nikampelekea swali hilo Mutuma mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya kibanda akilikanda goti kwa barafu.

"Kaka Mutuma, unajua kwamba wanakuogopa bure?"

Alicheka mpaka barafu ikadondoka. "Bure? Wacha, dada! Nimewatisha watu miaka yote hiyo, na wewe unaita hiyo bure?"

"Mwaka huu hujavusha hata mmoja."

"Na wao wanajua?"

"Bado."

"Basi mimi napiga pale wameacha wazi. Ulidhani ni bahati?"

"Na siku mmoja akijiuliza?"

Aliokota barafu, akaipangusa nyasi. "Hapo nimemaliza. Mwambie mzee anipe msimu mmoja. Miwili nitakuwa nakula pesa yake. Na kama ni hapana, sema hapana. Usinihurumie, hata uso wa huruma huna."

Sikumwamini. Mazoezini nilimtajia upande kabla ya kila mpira: kushoto, katikati, kulia. Mara nyingi aliupeleka nilikosema. Si mara zote, naandika kilichotokea.

"Ndiyo," nilimwambia Mzee Pravin, "lakini msimu mmoja."

"Kwa nini mmoja?"

"Kwa sababu unanunua hofu ya watu wengine, na sijui itaoza lini."

"Mimi nauza misumari," alinung'unika. "Angalau hiyo haiozi." Akasaini.

Sasa nikikumbuka kazi ile, sijivunii jibu nililotoa. Ningeweza kukosea, na bado sijui ningejuaje. Ninachokumbuka kwa raha ni kwamba niliruhusiwa kuketi kwenye kiti kibovu nikijiuliza jambo moja kwa msimu mzima, halafu mwingine.

Hofu ilidumu karibu msimu wote ule wa mkataba mpya. Katika mechi ya mwisho, Mutuma alipoinua gongo, wadakaji wawili walirudi nyuma kama kawaida. Wa tatu, mchezaji mpya, mwembamba, aliwatazama wenzake, akamtazama Mutuma, akajikuna shingo. Kisha akasogea mbele.

Mutuma alimwona. Alishusha gongo, akavuta pumzi, akaliinua tena, na mpira ulipokuja akaupiga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, umpite yule juu ya kichwa. Benchi letu zima lilisimama. Mpira ulipanda vizuri sana. Yule mwembamba alirudi hatua chache tu, akaudaka.

Mutuma hakwenda benchi. Alichechemea mpaka kwa Mzee Pravin.

"Mzee, ile kontrakti yangu, mpe yule."

"Huyo amekutoa sasa hivi!"

"Ndiyo. Kwanza aulizwe kwa nini hakurudi nyuma."

Niliweka penseli chini, nikaanza kuvuka uwanja. Safari hii Kocha Mkuu hakunishika mkono wa koti.