Bata wa Jirani na Dawa ya Dimbwi

Nilipougua malaria mara ile nilikuwa na mimba ya miezi sita, na kabla yake moja ilikuwa imeshaharibika. Mume wangu alinipeleka hospitali ya Kitete jua likiwaka, meno yananigongana kwa baridi. Muuguzi aliyenitundikia dripu aliniambia nitulie. Nitulieje? Tangu alfajiri mtoto alikuwa hajacheza. Niliweka mkono tumboni, nikangoja. Adhuhuri ikapita. Wenzangu wakiwa wanaletewa uji, mtoto akanipiga teke chini ya mbavu, nikacheka peke yangu hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kulikoni.

Niliporudi nyumbani Isevya, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye dimbwi. Lilikuwa nyuma ya ua wetu, palipochimbwa udongo wa matofali, na mvua zikianza lilijaa maji na viluwiluwi wa mbu. Chandarua tulikuwa nacho, lakini mbu walituanza magharibi, tukiwa bado uani tunapika.

Nikamwita bwana afya wa kata. Alikuja na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni, jirani yangu akamzuia. Jirani huyu ni bibi mjane, mshona kofia, na bata wake walishinda dimbwini humo tangu kabla sijaolewa.

"Shikamoo, bibi," bwana afya alisema.

"Marahaba. Hiyo sumu hutaitia humu."

"Hii si kama sumu ya panya, bibi. Ni bakteria. Viluwiluwi wakiwala, matumbo yao yanaharibika, wanakufa. Bata hawadhuriki."

"Ulimuuliza bata yupi?"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. "Bibi, mimi nimetoka hospitali juzi tu."

"Najua, mwanangu. Nimekuombea dua kila swala. Lakini na hawa wana roho."

Bwana afya hakubishana. Aliomba beseni, akachota maji ya dimbwi pamoja na viluwiluwi wake, akatia dawa. Bibi mwenyewe akachagua bata wa kujaribia: dume zee, gomvi, linalochechemea. Akaliacha linywe, kisha akalifungia bandani peke yake.

Kesho yake tulikutana sote tumeinamia beseni. Viluwiluwi walikuwa wamekufa, hata mmoja hajikunji. Bandani, dume lile lilikuwa linapiga kelele likidai pumba.

Bibi alilitazama, akatazama beseni, akanitazama tumbo.

"Haya, tia," akamwambia bwana afya. "Na kule kwenye magugu usikusahau, ndiko wanakojificha."

Dawa ile haidumu, kwa hiyo ilibidi arudi mara kwa mara. Akichelewa, bibi ndiye aliyemtumia ujumbe. Mbu hawakwisha, lakini jioni tuliweza kukaa uani bila kujipiga makofi. Kila nilipokwenda kliniki walinitoboa kidole, nami nikangoja majibu nimebana pumzi. "Huna malaria, mama." Siku moja niliketi kwenye benchi la nje baada ya kuambiwa hivyo, nikaweka mkono tumboni, nikangoja teke.

Binti yetu alizaliwa mwezi wake ulipotimia, akilia kwa nguvu. Mume wangu alimpokea, akamtazama, akanirudishia. Akatoka nje. Nilimsikia bombani akinawa uso, ananawa tena, kisha akapiga simu kwao.